Redio na Mlango Wake

Binti tunayemsindikiza leo sote tulimwita Redio. Alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 2001, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe mshonaji. Jina alipewa na bibi yake, kwa kuwa aliwahi kusema na kunyamaza hakukujua. Hata homa ikimshika alisimulia.

Alisoma shule ya msingi ya jirani. Darasa la sita alianguka kifafa mbele ya wenzake, na aliporudi alikuta dawati lake limesogezwa ukutani, peke yake. Aliendelea hadi sekondari na kufaulu, ila wa kusimuliana naye hakuwapo tena.

Kazi aliipata kwenye karakana ya baba yake. Msumeno wa umeme alikatazwa, akapewa msasa, akawa anamchokoza mzee wake: "Fundi, hiki kiti chako kinachechemea." Ndoa hakuifikia.

Kwa hofu ya kuanguka usiku, baba yake aliung'oa mlango wa chumba cha binti ili wamsikie. Ulikaa miaka minne nyuma ya karakana. Dawa zilimkubali, kuanguka kukapungua, na Redio naye akazimika. Alilala mchana kutwa, sahani ilirudi jikoni na chakula chake, nywele hakutaka kuguswa. Nyumbani walishukuru: amekua, ametulia.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyewatoa wazazi nje, akakaa naye peke yake. Kisha akawaita.

"Kifafa mnakilinda vizuri," alisema. "Lakini huyu ana sonona. Nayo ni ugonjwa, na unatibika. Hebu msikilizeni."

"Nataka mlango wangu," Redio alisema. "Nikilia mnanitazama wote."

"Na ukianguka je, mama?" baba yake aliuliza.

"Mimi si kuanguka tu, baba."

Wiki hiyo hiyo baba yake aliurudisha, ukifungukia nje, bila komeo. Nyumba nzima ikajifunza kubisha hodi. Redio alianza matibabu ya sonona, na polepole sauti yake ikasikika tena nyuma ya ubao ule, akimsengenya kila mtu kwa mdogo wake.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, kifafa kilimchukua usingizini. Mdogo wake alibisha hodi, akabisha tena. Daktari alisema huenda hata mlango ungekuwa wazi wasingesikia kitu. Hiyo "huenda" baba yake analala nayo na kuamka nayo. Inauma, na hatutaificha.

Juzi alichukua bisibisi ili aung'oe mlango. Mkewe akasimama mbele yake.

"Uache, baba Redio. Aliuomba mwenyewe."

Akaiweka bisibisi chini.

Ameacha baba, mama, mdogo wake wa kike na bibi yake. Mlango uko palepale. Pumzika kwa amani, Redio. Hodi tutaendelea kubisha.