Bi Ashura Lukmani na Zile Nywele za Mwaka 1988

Tarehe 30 Juni 1994, kengele ya saa tisa na nusu itakapolia, Bi Ashura Lukmani atafunika cherehani yake kwa kile kitambaa chake cha maua na kurudisha ufunguo wa chumba cha kushonea. Atakuwa ameitumikia shule yetu ya wasichana miaka thelathini kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1964, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Wakuu wa shule sita wamepita mikononi mwake na wote amewapima suti. Anasema ni mmoja tu aliyesimama mbele ya futi yake bila kuingiza tumbo ndani, na hataki kumtaja.

Bi Ashura ni mtoto wa Bukoba mjini. Baba yake, Mzee Lukmani, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la Thakorbhai, na hapo ndipo binti alipojua kutunga uzi kabla hajajua kusoma. Alipoletwa huku Muleba wapishi walimcheka, maana alimenya ndizi kama mtu anayechonga penseli. Mwaka haukuisha, wapishi hao hao wakawa wanampangia foleni awashonee magauni ya Krismasi.

Wazee wa shule wanasimulia kwamba mwishoni mwa 1978, watu wa Kyaka walipoanza kupita barabarani na magodoro kichwani wakikimbia vita vya mpakani, wasichana walirudishwa makwao na walimu wakatawanyika. Bi Ashura alikataa kuziacha cherehani nne za shule. Alizipaka samli kwa kukosa mafuta ya mashine, akazifukia kwenye shimo la kuivishia ndizi. Januari 1979 akazifukua mbili, akateremsha mapazia ya bwalo na kuyafanya magauni ya watoto wa wakimbizi. Mkuu wa shule aliporudi alikuta madirisha yako uchi na watoto barabarani wamevaa bwalo lake. Kisha taifa likaambiwa lifunge mkanda miezi kumi na minane, na Bi Ashura ndiye aliyewatobolea walimu matundu mapya ya mikanda. Sare za mwaka ule, wanasema, zilinukia samli hadi Pasaka.

Kamati ya kuaga iliniomba kurasa mbili za kuchangamsha. Nadhani nimechangamsha vya kutosha. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa tangu 1983, na nina jambo la Bi Ashura ambalo wengi wenu mnalijua nusu, tena nusu ya uongo. Asipoondoka nalo limenyooka, ataondoka na jina lililochafuka, na aliyelichafua atakuwa amekaa meza kuu anakula pilau.

Wakati ule kila shule iliyokwenda kwenye michezo ya mkoa ilipeleka pia kikundi cha washangiliaji, na vikundi vyenyewe vilishindania ngao. Waamuzi walitoa alama kwa sauti, miruko na unadhifu. Sisi tulikuwa na wasichana ishirini na wanne. Sauti tulikuwa nayo, miruko tulikuwa nayo. Mrukaji wetu wa kwanza alikuwa Anatolia wa kidato cha pili, mtoto mwembamba aliyepinduka hewani mara mbili na kutua bila kishindo.

Lakini kwetu aliyefiwa hunyolewa, na miaka ile tulifiwa mno. Ugonjwa ulikwishapewa jina la Juliana, jina la nguo za magendo, kabla serikali haijauita UKIMWI. Misiba ilifuatana hata siku za matanga zikapunguzwa. Mwaka 1987, kwenye uwanja kule Bukoba, tisa kati ya wasichana wetu walikuwa na vipara. Watu walioegemea uzio wakaanza kuhesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Anatolia, aliyekuwa amemzika mama yake wiki mbili nyuma, akawa wa saba. Alimaliza mruko wake, akaenda kukaa ndani ya lori, akamwambia Bi Ashura kwamba hatakwenda tena kuhesabiwa kama mikungu ya ndizi mnadani.

Wazo la nywele za bandia lilikuwa la Bi Ashura. Alitaka wote ishirini na wanne wavae kishungi kimoja cha aina moja kisogoni, aliyenyolewa na asiyenyolewa, ili pasiwe na wa kuhesabiwa. Mimi niliunga mkono haraka sana, na niseme kweli, nilikuwa nawaza alama za unadhifu. Mkuu wa shule wa wakati huo, Mwalimu Protase, aliyeyaita mawigi kasumba tangu ujana wake, alituruhusu kwa siku moja tu.

Swali likawa nywele gani. Mzazi mmoja, mvuvi wa kisiwa cha Goziba, alituletea kipande cha wavu chakavu wa nailoni. Bi Ashura aliufumua uzi kwa uzi, akauchana kwa uma, akautia rangi nyeusi. Mimi nikapenda papo hapo: zilikuwa nyingi na ziling'aa. Yeye akaguna tu, akanichukua Jumamosi moja tukaenda Bukoba kwa Thakorbhai.

Mama Anasuya, mke wa Thakorbhai, alitupa chai ya maziwa na mfuko wa kitambaa uliotuna. Ndani mlikuwa na nywele zake mwenyewe, zilizotoka kwenye kitana chake kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwao mwanamke hatupi nywele zinazotoka kwenye kitana. Huziweka, na siku moja husokota msuko wa kujiongezea. Alikuwa amemwekea binti yake, Kusum, lakini Kusum alikwenda Ulaya akakata nywele zikaishia masikioni. Na wao wenyewe walikuwa wanafunga duka, wanahama Bukoba. Mfuko ule ukapewa binti wa Lukmani, aliyemwona akikua barazani. Chini nywele zilikuwa nyeusi tii, na kadiri ulivyopanda juu ndivyo mvi zilivyoongezeka. Bi Ashura alizichambua zote, mvi akaziweka ndani ya vishungi na nyeusi nje.

Hata hivyo hakutaka nimwamini kwa mdomo. Alishona vishungi viwili vya majaribio, kimoja cha nailoni na kimoja cha nywele za kweli, kila kimoja juu ya kikofia cha kubana alichokikata kwenye fulana nyeusi, maana kichwa kilichonyolewa hakishiki pini. Akawavalisha wasichana wawili na kuniamuru mimi, mwalimu mzima, niwarushe vipindi viwili mfululizo. Cha nailoni kiling'aa juani kama sufuria mpya, na kilipolowa jasho kikakumbuka kwao Goziba, kikanuka dagaa. Akakisogeza karibu na pasi ya mkaa, kikajikunja kikawa gundi. Cha nywele kilitulia tuli. Aliniambia kwamba kinachong'aa sana humfanya mtu aulize chini yake kuna nini, na sisi hatukutaka kuulizwa. Nikakubali.

Agosti 1988 tukaingia uwanjani. Watu wa uzio wakaanza tena hesabu yao, wakasema mmoja, wakatazama huku na huku. Hawakumpata wa pili. Hata huyo mmoja walikuwa wamekosea, hakuwa amefiwa. Anatolia aliruka siku ile kuliko nilivyowahi kuona. Tulichukua ngao, na Bi Ashura alijifuta machozi kwa kanga yake pembeni ya lori akisingizia vumbi.

Baadaye kwenye chai, walimu wa shule tulizozishinda waliniuliza nywele nzuri vile zimetoka wapi. Jibu lilikuwa jepesi: kwenye kitana cha Mama Anasuya. Nikaona haya kusema kwamba mabingwa wa mkoa wamevaa masalio ya kitana cha mke wa mwenye duka. Haya ya kijinga namna hiyo! Nikacheka, nikasema mochwari siku hizi hazikosi nywele, mwenye haja aende na mfuko. Wakacheka na wao. Bi Ashura alikuwa hatua mbili nyuma yangu, akikusanya vishungi ndani ya kikapu, na alisikia kila neno.

Maneno yale yalifika Muleba kabla ya lori letu. Wiki haikwisha, wazazi walikuwa langoni. Wasichana walioshwa vichwa kwa dawa kali mpaka ngozi ikababuka. Waliofiwa na mama, baba, shangazi, sasa wakaambiwa wamevalishwa maiti, na wenzao mabwenini wakasogeza vitanda mbali nao. Kitu kilichoshonwa ili wasihesabiwe ndicho kilichowahesabisha upya. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza vichwa ishirini na vinne, na kimoja cha mwanamke asiye na kosa. Vishungi vilichomwa nyuma ya jiko, isipokuwa kimoja ambacho Anatolia alikificha ndani ya godoro lake.

Bi Ashura aliitwa kikaoni. Alieleza nywele ni za nani. Akaulizwa nani shahidi, na duka la Thakorbhai lilikuwa limefungwa wiki tatu kabla. Waitu, jamani, shahidi alikuwepo! Alikuwa mezani, tumboni mwake ilipita ile chai ya maziwa. Bi Ashura alinitazama mara moja, kisha akatazama vidole vyake. Mimi nilikuwa katibu wa kikao, basi nikaendelea kuandika. Kwa mwandiko wangu ule mnaousifia niliandika: "Watu wanasema nywele hizo ni za maiti. Chanzo cha maneno hayo hakikujulikana." Niliogopa wazazi, na nilikwishanong'onezwa kwamba cheo cha makamu kinanijia. Kilikuja, Januari iliyofuata. Yeye alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa jikoni.

Alikaa jikoni miaka minne. Maharage ya shule yaliacha kuwa na mawe, kwa sababu jicho lililozoea tundu la sindano halipitwi na jiwe. Kila asubuhi nilipita na kikombe changu, na kila asubuhi alinisalimia kwanza, ingawa mdogo ni mimi. Sikuwahi kupata uji mzito kama ule wa salamu zake, haukushuka.

Mwaka 1990 kaka yangu alifariki, tukamzika nyumbani Kashozi. Bi Ashura alikuja, magari mawili na mwendo wa miguu, akaingia jikoni bila kuulizwa. Shangazi yangu aliponinyoa, Bi Ashura aliinama akaokota nywele zangu zote chini, asibakishe hata moja, akazifunga kwenye kitambaa na kunikabidhi mkononi. Alisema nikazifukie mwenyewe, nione kwa macho yangu, wasije watu wakasema. Hakuwa ananisuta. Ningefurahi kama angenisuta. Nilizifukia mgombani na nikarudi Muleba nimefunga mdomo vile vile.

Mwaka 1992 mkuu mpya wa shule alimrudisha chumba cha kushonea, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuziamsha zile cherehani. Tangu hapo amefundisha kushona wasichana thelathini na wanane wasio na wa kuwalipia chochote, kila Jumamosi, bila kuongezewa kitu. Wanane wana cherehani zao leo. Anatolia ni mwalimu, na mwaka jana alikirudisha kile kishungi kilichobaki. Bi Ashura alikishona kiwe kichomekeo cha sindano, maana sindano ikikaa ndani ya nywele haishiki kutu. Kile kitu cheusi cha mviringo kando ya cherehani yake, ambacho wengi mmekuwa mkikiulizia, ndicho hicho.

Barua ya onyo bado imo ndani ya jalada lake. Nimeuandikia uongozi wa shule na bodi kueleza yote, na nimeomba nakala ya wasifu huu iwekwe juu ya barua hiyo, ili kila atakayefungua jalada akutane na huu kwanza.

Kwa desturi yetu, rasimu ya wasifu hupelekwa kwa mstaafu ahakiki tarehe na majina. Nilimpelekea wiki iliyopita, nikaketi kwenye benchi la chumba cha kushonea kama mwanafunzi anayesubiri viboko. Aliisoma yote, polepole, na ile miwani yake iliyofungwa uzi. Alisahihisha mwaka wa mapazia. Halafu akashika penseli, akaifuta ile sentensi yangu ya mochwari, na pembeni akaandika maneno mawili: "Watu walisema." Akanieleza kwamba mimi nina miaka ishirini mbele yangu hapa, na wazazi hawasahau, yeye anaondoka, na maneno hayamfuati mtu hadi kwenye kibanja chake cha migomba. Akanipa kahawa ya kutafuna, akaendelea kupindia sketi.

Bi Ashura, mama yetu, shule inakushukuru kwa kila pindo, kila kifungo na kila mtoto uliyemstiri. Tunakutakia macho yasiyochoka, uzi usiokatika, na maisha mema yenye wageni wengi wa kukuletea vitambaa. Mwaka wa mapazia nimeurekebisha kama ulivyoagiza. Hilo la pili sikulitii, nisamehe. Hawakuwa watu. Nilikuwa mimi.

Adventina Karugendo
Mwalimu wa Michezo na Makamu Mkuu wa Shule