Mkono wa Idi kwa Watu wa Bima

Baraza ile ya Ng'ambo, mbele ya duka la cherehani lililofungwa, haina uongo mdogo. Samaki huvuliwa Uroa kwa urefu wa kiganja. Akifika barazani ana mabawa, na akimalizwa kusimuliwa keshaoa. Alasiri hiyo mvua ya masika ilikuwa imepumzika. Mzee Ubwa muuza kahawa kaweka dele lake juu ya makaa, anasuuza vikombe. Waliokaa ni watatu. Usi, aitwaye Profesa kwa sababu aliacha shule darasa la sita akadai walimu wamemaliza walichonacho. Silima Redio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Na Mudrik, fundi wa mafriji, mwenye mdomo kuliko wote, ambaye siku hiyo kanyamaza. Mudrik kunyamaza! Paka wa mtaa walikuja kutazama.

– Una nini wewe leo? Profesa akamuuliza. Kahawa inapoa, unaitazama kama unaiposa.

– Nshatoka kwa watu wa bima.

– Ee! Wanatoa lini? Maana ulitwambia watajenga ghorofa, na lifti ya kuwapandishia kuku wa Bi Kazija.

Kweli Mudrik alisema. Miaka mitatu nyuma alimkatia mama yake bima ya ile nyumba ya Mwanakwerekwe, moto na mafuriko, akatangaza mpaka mawe yakajua. Wiki iliyopita maji yaliingia mchana kweupe, yakafika kwenye kitasa cha mlango, na ukuta wa nyuma ukalala chini kama mtu aliyechoka. Sasa mama huyo, Bi Kazija, kahamia kwa Mayasa, dada yake Mudrik, mlango wa tatu kutoka barazani, chumba kimoja na wajukuu wanne. Anangoja. Mwanawe kamwambia: "Tulia mama, bima inakuja."

– Hawatoi, Mudrik akasema. Hata thumni.

– Hawatoi vipi? akaruka Silima. Si unalipa?

– Wanajilipa wenyewe! Kila mwaka mkataba unajihuisha, wanakata benki bila kuniuliza. Leo ndo nimeoneshwa karatasi. Ada ya kuhuisha. Ada ya waraka. Na ada ya kunitumia ujumbe wa kunambia kuwa nimekatwa ada.

– Mtume! Hao ukipiga chafya wanakukata ada ya kukuombea.

– Na mafuriko? akauliza Profesa.

– Wameyatoa mkatabani. Mwaka huu umejihuisha moto mtupu.

– Bila kukwambia?

Mudrik akaitoa simu mfukoni taratibu, kama mtu anayetoa jino.

– Walinambia. Mkesha wa Idi.

Profesa akaipokea, akaiweka mbali na macho.

– "Idi Mubarak mteja wetu mpendwa. Mwenyezi Mungu aitakabali saumu yako..." Yakhe, ujumbe mzuri huu. Unaliza.

– Teremka chini.

Profesa akateremka. Akateremka mpaka kidole kikapata moto.

– "Bima yako imehuishwa. Kinga ya mafuriko imeondolewa. Kama hukubali, piga simu ndani ya siku saba. Ukijibu ujumbe huu, umekubali." We Mudrik, ulijibu?

– Mtu kakupa mkono wa Idi, utamnyamazia?

– Ulijibu nini?

– "Amin, na nyinyi pia. Idi njema na watoto wenu."

– Na watoto wao! Silima akashika kichwa.

– N'kawatumia na picha ya mwezi.

Mzee Ubwa akatikisa kichwa juu ya ndoo yake.

– Hata mie ningejibu, alisema.

– Kusudi hiyo! akasema Profesa. Wanajua mkesha wa Idi Mzanzibari hasomi kitu ila bei ya kuku.

– Zaidi ya hapo, akadakia Silima. Wana mtu wao wa kusikiliza mawingu. Kaona wingu la Mwanakwerekwe lina mimba ya miezi minane, akapiga simu ofisini: toeni mafuriko haraka!

– Wingu gani! Maji yale yalikuja kwa bomba. Linatoka bara, linapita chini ya bahari, mdomo wake uko nyuma ya jiko la Bi Kazija. Ndo wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Inaingia wapi hiyo, Profesa?

– Maji ndo mgeni.

– Na mwenyeji kapona?

– Si kapona? Yuko kwa Mayasa.

Siku nyingine Mudrik angelipeleka bomba hilo mpaka Muskati. Leo alikuwa na neno moja tu, na halikuwa na chumvi.

– Nahodha alinambia.

– Nahodha yule jirani yenu, mwashi?

– Yeye. Kabla ya Ramadhani alikuja na matofali yake. Akasema, tumwinulie Bi Kazija kizingiti kozi tatu za matofali, na sanduku lake la harusi tulipandishe juu. N'kamcheka mbele ya watu. N'kamwambia matofali ya maskini hayo, sisi tuna bima.

Hakucheka mtu.

– Sanduku limeingia maji?

– Limeingia. Ndani yake mlikuwa na picha ya marehemu baba. Ndo hiyo moja tu aliyopigwa. Imebaki karatasi nyeupe.

– Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Profesa kwa sauti ya chini.

– Yamezoleka, Profesa. Tumezoa ndoo mia nne. Picha ndo haikuzoleka.

– Mama umeshamwambia? akauliza Mzee Ubwa.

– Nimwambie vipi?

– Mwambie kampuni nayo imezama, akasema Silima.

Kabla hajajibiwa, mlango wa tatu ukafunguka. Bi Kazija akatoka, kajitanda kanga, anakanyaga taratibu kukwepa madimbwi. Watatu wakajiweka sawa.

– Shikamoo, Bi Kazija!

– Marahaba wanangu. Mudrik.

– Naam, mama.

– Nguo zangu zimekauka. Mayasa kanipa nusu ya kabati, anasema nizipange. N'kamwambia ngoja, nikamuulize mwenye bima yake. Nizipange, au niziache mkobani?

Profesa akatazama ndani ya kikombe. Silima Redio akakosa stesheni. Mzee Ubwa akainua dele amimine, asiulizwe yeye. Yakatoka matone mawili na masimbi ya kahawa.

Mudrik akaichukua simu yake kwa Profesa, akaitia mfukoni.

Bi Kazija akangoja. Kisha akakusanya kanga yake, akaketi kando ya mwanawe, juu ya baraza ambayo hajaikalia mwanamke tangu ilipomwagwa saruji.

– Fikiri tu mwanangu, alisema. Mie n'nakaa.