Zamu Yake Kwenye Kinu

Hamjambo wazazi wenzangu? Aa, itikieni vizuri, mimi ni mzee lakini masikio bado yapo!

Ndugu zangu, msichana wangu wa kwanza alikuwa mdogo mkoloni alipotangaza Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Hakuwa kama watoto wengine; siku hizi mnasema usonji. Sisi hatukuwa na jina, tulikuwa na maneno ya watu tu: amelaaniwa, ni kiziwi. Kiziwi gani anasikia mahindi yakimwagwa nyumba ya tatu? Lakini umwite, hageuki. Hasemi neno.

Tukatolewa mashambani kule Kibugu, tukarundikwa kijiji kimoja, nyumba zote zimefanana, handaki limetuzunguka. Mchana akina mama tulipelekwa kuchimba handaki hilo kwa amri. Nawaambia, jembe halikuniumiza kama mawazo. Huyu akipotea, atasemaje yeye ni wa nani? Homugadi, yule mlinzi wa serikali mwenye bunduki, akimwambia simama, atasimama?

Mungu akanipa jirani. Mjane, miguu imemvimba, kwa hivyo aliachwa kulinda watoto. Mdomo mkali, wacha tu! Jioni tulitwanga mahindi pamoja, michi miwili kinu kimoja, mmoja anashusha mwingine anainua. Mtoto wangu akawa anakuja kusimama hapo, anacheka. Jirani akamchongea mchi mdogo, akanisukuma kando: "Toka wewe, nimepata mwenzangu."

Wakatwanga, zamu kwa zamu. Siku moja jirani akainua mchi wake, akauacha hewani. Nikataka kumsemea mtoto. "Nyamaza, hujaulizwa!" Mtoto akautazama ule mchi, akafuata mkono kwa macho, polepole, mpaka usoni. Akamwangalia jirani machoni. Akasema, "Tena."

Jamani! Nilipiga vigelegele mpaka homugadi akaja kuuliza kuna nini.

"Mtoto amesema tena!"

"Tena nini?"

Jirani akamjibu, "Tena kutwanga! Shika mchi au uende zako." Hata yeye alicheka, na bunduki yake begani.

Basi tukafanya hivyo kwa kila kitu. Uji namtilia kidogo, nangoja. Wimbo naukata katikati, nangoja. Kungoja kunachosha kuliko kuchimba, msidanganywe! Lakini maneno yakaja moja moja. Halafu siku moja natoka handakini, matope mpaka magotini, tumejaa langoni wanawake wote tumefanana kwa uchafu. Akapita katikati yetu, akanishika nguo, akamwambia yule homugadi, "Mama. Wangu." Nililia mbele ya watu wote, sikuona haya.

Namshukuru jirani yangu, amelala pema. Nawashukuru wale akina mama wa kijijini waliokuwa wakinyamaza, wakimngoja mtoto aseme. Na nyinyi wenye watoto wadogo, nawaomba: ukimwuliza mtoto, usimjibie. Mpe nafasi yake.

Msichana wangu ndiye yule karibu na mlango, mwenye kitambaa cha kijani. Hapendi kushikwa mkono. Mkitoka, simameni mbele yake, mngoje. Atawasalimu. Halafu atawauliza habari za watoto wenu, mmoja mmoja, na hatawaachilia mpaka mjibu.