Beto Haijakauka

Asante Papa Pasteri kwa kunipa nafasi. Mama zangu, Papa zangu, leo nimesimama kutoa ushuhuda wa kosa langu.

Munanijua. Mimi njo nilikuwa shefu wa shantie, musimamizi wa mafundi wote, kule tulikojenga santrali ya umeme, ile ya kuchoma mafuta ya mazutu. Mulikuwa munaniita Enjenia, na kichwa kikanivimba.

Motere kubwa ya kuzalisha umeme ikafika bandarini. Mashine ya kuinyanyua ilikuwa ya kukodi, na kesho yake ilipaswa kwenda Moba. Lakini beto, ile zege ya kuwekea motere, ilikuwa na siku sita tu tangu kumwagwa. Fundi wa beto, papa mmoja ambaye ameniomba nisimutaje jina, aliigonga na nyundo, akasikiliza.

"Shefu, haijakauka ndani. Tungojee."

Nikamujibu mbele ya watu: "Hapa enjenia njo nani?"

Tukaiweka. Beto ikapasuka, motere ikalala upande, ikamubana papa yule muguu. Hospitali wakaukata.

Ndugu zangu, nawaambia aibu yangu yote. Katika ripoti niliandika kwamba fundi alikosea kuchanganya simenti. Akafukuzwa kazi akiwa kitandani.

Nilikaa wiki mbili sifiki kumuona. Nilipofika, muke wake alikuwa anapakua bukari ya mahindi na dagaa. Papa akasogea, akanipa nafasi.

"Karibu Shefu, tukule." Halafu akauliza polepole: "Niko nawaza kila siku. Nilikosea wapi? Simenti niliipima mimi mwenyewe."

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Aliamini ripoti yangu kuliko mikono yake.

Nikasema, "Papa, hukukosea. Nilidanganya." Nikalia. Mama akaondoa sahani mbele yangu. Ilikuwa haki yake.

Nikaandika ripoti ingine, ya kweli. Mimi nikafukuzwa, jina lake likasafishwa, muguu haukurudi. Kila Jumamosi, siku ya posho, nilienda kuwachotea maji. Mama alinionyesha pipa kwa kidole tu, miezi na miezi. Mpaka siku moja akanipa kiti.

Asante, Mama. Asante kwenu mulionishika nilipoona haya hata kuingia humu. Na ninyi munaoongoza watu, fundi akisema ngoja, mungoje. Kiburi changu kilikula muguu wa muntu mwingine.

Leo yeye njo anasimamia beto ya sale yetu mpya ya ibada, mimi nabeba muchanga. Jana nilimuuliza kama tuanze ukuta. Akaigonga beto ya musingi na fimbo yake ya kutembelea, akasikiliza.

"Bado, Enjenia."

Nikakaa chini, nikangoja.