Wavu wa Ndagala kwenye Bafle

Kijiwe chetu hapa Baraka, kando ya ziwa, ni ubao mmoja mbele ya duka la Placide, fundi wa redio tunayemwita Injenieri. Kahawa ni ya Papa Henri. Chini ya ubao, kwa miaka minane, amelala Bosco, mbwa wa Papa Henri, na miguu yetu anaijua mmoja mmoja. Tangu Injenieri atundike bafle jipya mlangoni, spika kubwa ya kupiga muziki kutwa, Bosco amehamia ufukweni kwenye mitumbwi. Leo Papa Henri ametamka: mbwa asiporudi, birika nalo litamfuata. Tuliogopa, sifichi.

— Injenieri, imbwa yangu ulimufanyia nini?

— Papa, si mimi. Hii ampli, mashini ya kukuza sauti, iko inatoa sauti moja nyembamba sana. Muntu hasikii. Imbwa anasikia, inamuchoma masikio. Inaomba filtre ya kuizuia mbele ya kufika ku bafle.

— Na filtre iko wapi?

— Uvira. Labda.

Nuhu mvuvi, tunayemwita Tundu kwa kuwa hakuna wavu asioujua matundu yake, aliweka kikombe chini.

— Sauti nyembamba? Ile njo kazi ya wavu ya ndagala. Kama kasamaki kadogo vile hakapite, sauti itapitia wapi?

Akauleta. Tukalifunga bafle mikunjo mitatu. Kona moja niliishika mimi. Bosco alitutazama kutoka kule mitumbwini, hakusogea.

— Tuongeze mikunjo, akasema Nuhu.

— Bure, akasema Willy, karani mstaafu wa Fizi-Centre, jina lake la hapa Kashe, yaani muhuri, kwa sababu kila neno analipigia mmoja. — Bazee balisema, sikio la kufa halisikii dawa. Imbwa anasikia. Sisi hatusikii. Basi benye kufa ni sisi.

Papa Henri akaanza kufunika birika.

Hapo akafika Kulthumu, aliyefungua duka la vitenge jirani juzi tu. Aliomba kahawa, akautazama ule wavu.

— Bapapa, hii muziki, nani kati yenu iko anaisikiliza?

Tangu asubuhi tulikuwa tunapaza sauti kuushinda. Wimbo wenyewe hakuna aliyejua ni upi. Injenieri akakohoa, akaingia dukani, akazima ampli.

Tukasikia ziwa. Baada ya muda kidogo Bosco akapanda taratibu kutoka ufukweni, akajilaza juu ya viatu vyangu, mzito, na maji yakimchuruzika. Nilifurahi kama mtoto. Papa Henri akafunua birika, akammiminia Kulthumu wa kwanza.