Yunis Nyamburi na Chanja za Mugango

Wapendwa wafiwa, mchungaji, wazee wa ukoo na nyote mlioacha shughuli zenu kuja hapa Mugango, mimi ni Nathanieli Mugeta, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma haya, ingawa yeye mwenyewe angetaka yafupishwe, maana jua ni kali na watu hawajala.

Yunis Nyamburi Mugeta alizaliwa Kiabakari tarehe 14 Agosti 1964, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, sekondari mjini Musoma hadi 1982, kisha chuo cha maendeleo ya jamii, na Julai 1986 akaajiriwa Bunda kuwa bibi maendeleo, jina ambalo wakulima wa pamba walimwita kwa heshima na kwa utani, kabla hajahamishiwa Musoma. Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na Mwalimu Alfonce Masatu wa hapa Mugango, wakajaliwa watoto wawili, Diana na Gasper.

Kazi yake ilikuwa vikundi, na vikundi vilimchosha. Alianzisha vya kuku, vya nyuki na vya bustani, vikazinduliwa kwa ngoma na fulana, na mfadhili akiondoka, kabla gari lake halijafika Kiabakari kikundi kimeshakufa, hata akazoea kusema kwamba vikundi vinazaliwaga na kelele, vinakufaga kimya. Kilichobaki ni kimoja, cha akina mama waanika dagaa wa hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, aliowashawishi mwaka 2008 waache kuanika mchangani na wajenge chanja, vichaga vya miti vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na hicho aliapa hakitafia mikononi mwake.

Kilichokaribia kukiua ni misiba. Kwetu mtu akifa kijijini kazi zote husimama mpaka azikwe, na dagaa hawajui desturi, usipowageuza wanaoza. Marehemu aliomba nusu ya akina mama wabaki kwenye chanja kwa zamu, wazee wakamwambia elimu imemtoa utu. Mama mkwe wake, Bibi Sara, alipofariki tarehe 18 Mei 2012, dada yangu aliwabakisha akina mama kwenye chanja vile vile huku yeye mwenyewe akiwa mfiwa, ukoo ukamsusa, na hata Mwalimu Alfonce, ambaye yuko hapa na ameturuhusu kulisema, alikula naye meza moja kwa miezi bila neno. Tangu hapo alikwenda kila msiba kuwatetea akina mama hao, akarudi nyumbani amechoka, akastaafu Agosti 2024 amechoka, na anayesema dada yangu hakuchoka hakumjua.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akatibiwa Musoma na Mwanza, na alfajiri ya Jumatano tarehe 26 Machi 2025 akafariki hospitalini mjini Musoma, Diana akiwa amemshika mkono. Wiki moja kabla, Susana, mwenyekiti wa kikundi, alikwenda kumwona, naye dada akamwambia kwamba siku ya kuzikwa kwake waje wote, dagaa waachwe waoze, kwa kuwa hana tena nguvu za kugombana na wazee. Ilituuma, maana tulijua amekubali kushindwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Iringo alikoishi tangu astaafu, waliompikia uji aliokuwa hawezi kuumaliza, na watumishi wenzake wa Bunda na Musoma.

Na wazee mnaouliza tangu asubuhi mbona akina mama wa kikundi wamekuja nusu, jibu ni kwamba jana walikaa wenyewe, bila kuitwa na mtu, wakaikataa ruhusa ya marehemu na kupanga zamu. Wengine sasa hivi wako mwaloni wanageuza dagaa, na watakuja kutia udongo wenzao wakienda kuwapokea.

Dada Yunis, safari hii hawakukusikiliza. Pumzika kwa amani.