Asikae, Hajamaliza: Maisha ya Mwalimu Kobe

Wazee wetu, majirani, walimu wenzake, na ninyi watoto mlioketi chini hapo mbele kwa sababu viti havikutosha, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, mke wa fundi saa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Kobe, na kabla sijaanza nimeagizwa niseme kwamba tuliombwa kubadilisha maneno mawili katika karatasi hii, tukakaa tukayatazama, na hatukuyabadilisha. Tukiyafikia mtayasikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kinu cha kusaga nafaka, ambako baba yake alikuwa mwendesha mashine, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Bibi yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kulia, mkunga akamgeuza huku na huku hadi akaanza kukata tamaa, ndipo mtoto akatoa sauti iliyoushinda mngurumo wa kinu, na watu waliokuwa kwenye foleni nje wakacheka wakasema, huyu naye alikuwa anafikiria kwanza.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1965 na kumaliza mwaka 1971, na katika miaka hiyo lilimpata jambo ambalo hakulisahau, nalo ni hili. Akiwa darasa la nne, mwalimu wa hesabu alikuwa na mtindo wa kumwelekezea mtoto rula na kumtupia swali, na asiyejibu papo hapo alipanda juu ya benchi na kukaa huko mpaka kipindi kiishe, wenzake wakimtazama miguu. Siku hiyo rula ilimwelekea yeye, swali likiwa saba mara nane, akanyamaza, akapandishwa benchi. Jioni, akiwa anaosha vyombo na dada yake, aliacha sufuria ikaanguka kwenye beseni, akapiga kelele, "Hamsini na sita! Nilikuwa ninalijua!" Dada yake akamuuliza, "Sasa mbona hukusema?" Naye akajibu, "Alikuwa ananitazama."

Dada huyo yuko hapa leo, ndiye aliyetusimulia, na anasema kwamba kuanzia jioni ile mdogo wake alikuwa na ugomvi na ile rula, ugomvi ambao haukuisha hata baada ya mwalimu yule kuzeeka na kufa.

Alisoma chuo cha ualimu mwaka 1976 hadi 1977, akapata cheti, na tarehe 9 Januari 1978 akaripoti kazini katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, jengo refu la vyumba vinane, madirisha ya nondo, sakafu ya saruji iliyopasuka karibu na ubao, na huko ndiko alikofundisha hesabu siku zote za kazi yake.

Alifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981 na baba yetu, ambaye wakati huo alikuwa na meza yake ya kutengeneza saa pembeni ya duka la vitambaa. Walijuana hivi, mama alipeleka saa ya mkono ya baba yake, akaambiwa arudi kesho yake, akarudi wiki iliyofuata, fundi akamwambia, "Dada, mteja asiye na haraka na saa yake sijapata kumwona," naye akamjibu, "Saa ni ya baba, haraka ni ya kwako." Baba anasema alipomaliza kucheka alikuwa ameshachumbia. Katika ndoa yao walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni fundi wa kuchomelea, wa pili ni muuguzi, na wa mwisho ni dereva wa lori, ambaye ndiye mume wangu, na wajukuu wao ni saba.

Sasa nifike kwenye kazi yake, maana ndiyo iliyompa lile jina. Katika darasa la mama hakuna mtoto aliyenyoosha mkono kwenye hesabu za kichwa. Alisema mkono wa mwenye mbio humziba mdomo mwenye kufikiri, kwa hiyo mtoto aliyepata jibu aliweka ngumi kifuani, kimya, jirani yake asimwone, akaendelea kungoja. Aliyeulizwa kabla hajafika alikuwa na ruhusa ya kusema, "Nipo njiani," na akishasema hivyo hakuna wa kumcheka wala wa kumnong'onezea, kwani kumnong'onezea mwenzako jibu kulikuwa kosa kubwa kuliko kukosa. Na aliyepata hakuachiwa hivi hivi, alitakiwa aeleze amepita wapi. Mama akiuliza arobaini na nane kujumlisha thelathini na saba, mmoja alisema, "Nimechukua mbili kwa thelathini na saba nikampa arobaini na nane, akawa hamsini, zimebaki thelathini na tano, themanini na tano." Mwingine alisema, "Mimi nimejumlisha makumi kwanza, sabini, halafu nane na saba kumi na tano." Mama alifurahia njia ya pili kama alivyofurahia ya kwanza, na ile iliyopotea aliifurahia zaidi, akisema, "Haya, hapo ulipopotea tuoneshe, na sisi tusije tukapotea hapo."

Njia hiyo ilichukua muda, na darasa lake kila mara lilikuwa nyuma ya mengine kwa kurasa, ndipo walimu wenzake wakamwita Kobe. "We Kobe, watoto wako watafika lini?" walimuuliza kwenye chumba cha walimu, naye akiendelea na chai yake akajibu, "Watafika, na wakifika watajua walikopita. Wa kwako, dada, ukiwauliza wanakutazama mdomoni." Jina halikumkera, alilichukua akalifanya lake, hata watoto wakaanza kumsalimia, "Shikamoo Mwalimu Kobe," akawa anaitikia marahaba bila kupepesa macho.

Mwaka 2001 shule ilipata mwalimu mkuu mpya, mtu mwenye bidii na nia ya kuifanya shule ipande, na akaja na kengele. Kila asubuhi watoto walisimama, swali likaulizwa, aliyejibu kabla ya kengele kugongwa akakaa, na waliobaki wamesimama hadi mwisho waliitwa wazito, wakapewa safu yao ya nyuma. Madarasa yote yalifuata isipokuwa moja. Mama aliitwa ofisini zaidi ya mara moja, na kwenye ukuta wa ofisi hiyo kulikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya buluu, haraka haraka haina baraka, naye akayaonyesha kwa kidole akasema, "Mwalimu Mkuu, hayo mmeyaandika wenyewe, kisha mnamsimamisha mtoto kwa sababu hakuharakisha. Ama mfute ukuta, ama mnyamazishe kengele." Hakuna kilichofutwa.

Tarehe 17 Oktoba 2003 ilikuwa siku ya wazazi, ukumbi umejaa, na mwalimu mkuu, ili kila mtu aone tofauti, akawaita watoto jukwaani darasa kwa darasa na kuwauliza yeye mwenyewe. Kutoka darasa la mama alimchagua binti wa dobi, mtoto mwembamba wa darasa la nne aliyekuwa akiongea kwa kutazama viatu vyake, akamuuliza kumi na tisa mara sita. Kengele ikagongwa. Binti akasema, "Nipo njiani." Ukumbi ukacheka. Akaendelea, kwa sauti ndogo, "Sita mara ishirini ni mia moja na ishirini, natoa moja, mia moja na kumi na tisa." Mwalimu mkuu akasema, "Umekosa, kaa chini."

Mama alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, kwa kuwa viti vya mbele vilikuwa vya wageni, na alitueleza mwenyewe kwamba aliliona benchi la utotoni kwake kana kwamba limebebwa likaletwa pale. Alijua pia kwamba kama angenyamaza mambo yangepita, watu wangekula biskuti na kwenda nyumbani. Akasema kwa sauti ambayo waliokuwa nje waliisikia, "Asikae. Hajamaliza."

Mwalimu mkuu akasema, "Mwalimu, kaa kimya." Mama akasema, "Nitakaa kimya, tena wote tukae kimya, tumpe nafasi." Na ukumbi, sijui kwa aibu au kwa hofu, ukanyamaza. Binti akafunga macho. Kisha akasema, "Hapana, narudi. Siyo moja, ni sita, kwa sababu kila kumi na tisa imepungukiwa na moja, na mimi ninazo sita. Mia moja na kumi na nne." Akafungua macho, akamtazama mwalimu mkuu usoni, wala hakuuliza kama amepata.

Ingekuwa hadithi ya kutunga tungesema ukumbi ulipiga makofi. Walipiga wachache, na dobi mwenyewe alipiga hadi kofia ikamdondoka, lakini wazazi wengi walinung'unika kwamba watoto wanafundishwa kujibizana na wakubwa, na barua zikaandikwa, vikao vikakaa, mama akatakiwa aombe radhi na kuanza kutumia kengele. Akasema kengele ni ya kuita watu chakulani. Tarehe 30 Januari 2004 aliondolewa darasani.

Hayo ndiyo maneno mawili. Juzi ulikuja ujumbe kutoka shuleni, watu wastaarabu, wakatupa pole, kisha wakaomba tusome kwamba alistaafu mapema. Wakasema, "Mzee, marehemu hasemwi vibaya." Baba akawatazama kwa lile jicho lake la kutazamia vipuri, akasema, "Nani kamsema vibaya? Aliyeondolewa siye mwenye aibu." Kwa hiyo nasoma tena, ili waliokaa mwisho wasikie, aliondolewa darasani.

Kuanzia Februari mwaka huo alifundisha kwenye baraza ya nyumba yake kila Jumamosi asubuhi, na wakaja hata watoto wa wale waliolalamika, wakipitishwa uchochoro wa nyuma wasionekane, mama akiwaambia wazazi wao, "Piteni mbele, mlango wa mbele haung'ati."

Tarehe 5 Juni 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia na maneno vikamwacha, akalazwa, akarudi nyumbani akiwa na maneno machache yanayokuja kwa kuchelewa. Wapo waliomshauri afunge baraza. Jumamosi ya kwanza alibebwa pamoja na kiti chake hadi barazani, akataka kuuliza swali, neno likakataa kutoka, midomo ikahangaika, na watoto, bila mtu mzima kuwaambia, wakaweka mikono mapajani wakamngojea, hakuna aliyemmalizia sentensi, mpaka alipotoa, "Tisa... mara... tano." Muuguzi binti yake alitoka akaenda kulia jikoni. Watoto hawakulia, walikuwa wanahesabu. Akafundisha hivyo hadi Januari mwaka huu, hali ilipobadilika, na akafariki dunia Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, hospitalini, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ule ujumbe ulikuwa na ombi la pili, kwamba baraza ifungwe, kwa sababu watoto wanaotoka hapa wanakataa kukimbizwa na kengele, na sasa mwenyewe hayupo, mambo yaishe. Tulitazamana, maana ni kweli, katika nyumba yetu hakuna mwalimu mwingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea mara zote bila kuchoka, majirani mliotupikia na kutufulia, walimu wenzake mliokuja leo mkijua mtaonekana, na mafundi wenzake baba mliofunga meza zenu. Tunaishukuru pia shule kwa viti mlivyotuazima, kesho vitarudi vikiwa safi, ila maombi yenu yote mawili tumeyakataa. Jumamosi hii baraza itakuwa wazi kama kawaida, na aliyeomba kukaa kwenye kile kiti ni baba. Tulimuuliza, "Baba, utaweza?" Akasema, "Kufundisha sijui. Kusubiri najua."

Mwalimu Kobe, mama yetu, pumzika kwa amani ileile uliyowapa watoto wa watu, na asikuharakishe mtu.